Mteja wa mbali ajue unafanya nini: kuandika maelezo ya huduma yako hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kusikiliza. Nikiwa Shangani, Mtwara, napokea sauti za mahojiano kutoka kwa watafiti wa Dar es Salaam, Nairobi na Uingereza, nazigeuza kuwa maandishi, na wakitaka nawatafsiria. Vijana wengi wa Mtwara na Lindi wana ujuzi wa kazi za mtandaoni, ila maelezo yao husomeka hivi: "Natoa huduma bora, za haraka na za uhakika za uchapaji, tafsiri, data na mengineyo." Mteja akimaliza kusoma hajui atume nini wala atapokea nini. Fundi cherehani hakusimulii bidii yake. Anauliza kitambaa kiko wapi, anakupima, anakutajia siku. Maelezo yako yafanye hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Chagua huduma moja. Kama unachapa, unatafsiri na kupanga hesabu kwenye Excel, andika maelezo matatu tofauti. "Na mengineyo" ifute.

Hatua ya 2: Taja kinachoingia na kinachotoka. Rasimu ya kwanza iandike kwa Kiswahili, hata kama msomaji ni Mwingereza. Ukianza na Kiingereza utajikuta unaokota maneno makubwa kwenye wasifu wa watu wengine. Yangu yako hivi: "Nitumie sauti ya mahojiano ya Kiswahili au Kimakonde, isiyozidi dakika 60. Nitakurudishia faili la Word linaloonyesha nani anaongea, lenye alama ya muda kila baada ya dakika mbili, na tafsiri ya Kiingereza pembeni ukiihitaji."

Hatua ya 3: Weka mipaka. Ugomvi mwingi na wateja huanzia hapa, kwa hiyo usipite mbio. Mimi nasema kwanza ni maandishi ya aina gani: neno kwa neno, pamoja na kila "eeh" na sentensi iliyokatikia njiani, au yaliyosafishwa. Kisha idadi ya wasemaji. Watu wawili ofisini ni kazi moja. Wakulima wanane chini ya mkorosho, wote wakiongea kwa pamoja na jogoo naye akichangia hoja, ni kazi nyingine na bei nyingine. Nisiposikia neno, naandika "haisikiki" na dakika yake, sibahatishi. Marekebisho ni mara moja bila malipo, ndani ya siku 7. Mteja akibadili alichoagiza, hiyo ni oda mpya. Taja pia usichofanya. Kimwera nakisikia nikiwa sokoni Lindi, lakini sikigeuzi kuwa maandishi kwa malipo, na maelezo yangu yanasema hivyo waziwazi.

Hatua ya 4: Weka bei kwa kipimo anachokiona mteja. Saa moja ya sauti safi hula saa nne hadi sita za kazi. Tuseme unataka sh 10,000 kwa saa na unatumia saa tano: hiyo ni sh 50,000, yaani kama sh 833 kwa dakika ya sauti. Ongeza makato ya kupokea fedha na muda wa kuhakiki, sema sh 1,000 kwa dakika. Mteja anajua sauti yake ina dakika ngapi. Kasi ya vidole vyako haijui. Taja pia njia ya malipo na kama unadai sehemu mbele.

Hatua ya 5: Andika saa ambayo haina utata. "Jumatano saa 12 jioni" kwetu iko wazi, lakini mgeni akiona 12 atafikiria mchana au usiku wa manane. Andika 18:00, saa za Afrika Mashariki (UTC+3). London kwa wakati huo ni 15:00 majira yao ya baridi na 16:00 majira ya joto.

Kuhusu mtandao, usilalamike, eleza utaratibu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Mteja hahitaji historia hiyo. Anataka kujua kwamba ukishapakua sauti unaendelea bila mtandao, na una laini za kampuni mbili.

Hatua ya 6: Ambatisha sampuli. Ukurasa mmoja unatosha. Usitumie sauti ya mteja wa zamani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mteja mpya angejiuliza ya kwake utampa nani. Omba ruhusa kwa mjomba mwenye shamba Tandahimba, mrekodi dakika tatu akieleza msimu wa korosho. Akitaja salfa (dawa ya mikorosho), AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), stakabadhi ghalani (mfumo wa kuuza kupitia maghala) na kangomba (ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi), ndiyo sampuli hasa, kwa sababu programu nyingi za kugeuza sauti kuwa maandishi hukwama kwenye maneno hayo na wewe hukwami.

Hatua ya 7: Mpe mtu asiyeijua kazi yako asome. Dada, jirani, yeyote. Baada ya dakika moja muulize: ningetaka huduma hii nitume nini, nitapata nini, lini, kwa shilingi ngapi? Akikwama usimfafanulie kwa mdomo, rekebisha sentensi iliyomkwamisha, kisha mtafute msomaji mwingine. Akijibu yote manne, ndipo uyaweke maelezo yako kwa Kiingereza.