Skrini ya nje ikibaki nyeusi unapohariri video, linganisha fremu kwa sekunde kwanza

Nimepoteza jioni nzima nikichomoa na kuchomeka kebo za SDI (zinazopeleka picha kwenye monita), kumbe kebo hazikuwa na kosa. Ukitumia DeckLink au UltraStudio (kadi na vifaa vya kutoa picha kwenda monita) na programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, fungua mipangilio ya mradi, nenda sehemu ya video ya monita, uchague ukubwa na fremu kwa sekunde zilezile za taimlaini (mstari unaopangia klipu): 25 kwa 25, 23.976 kwa 23.976. Hiyo 23.976 si 24, hata kama kwa jicho ni kitu kimoja. Kila njia ya kutoa picha ya kadi hutuma mawimbi ya muundo mmoja tu kwa wakati mmoja, na programu haiwezi kuilisha fremu kwa mwendo ambao kadi haikupangiwa. Fremu za taimlaini zipange kabla ya kuingiza klipu, kwa sababu Resolve hufunga fremu za mradi mara tu klipu zikiingia.

Kwenye Premiere Pro, programu nyingine ya kuhariri, washa Mercury Transmit (inayotuma picha kwenye kadi) katika mapendeleo ya uchezaji, utie tiki kwenye jina la kadi. Hapohapo ondoa tiki inayozima picha programu ikiwa nyuma. Hiyo ndiyo huzima skrini ukigusa dirisha jingine.

Haitasaidia kama monita yenyewe haipokei muundo huo (nyingine hukataa 24p, yaani fremu 24 kwa sekunde, kabisa), au kadi ni ya zamani inayoishia 1080p30 nawe unahariri 1080p50. Na kama taimlaini ina mipangilio yake binafsi, kubadilisha ya mradi hakutaigusa.