Kupanga chakula nyumbani ukiwa Dodoma, hela isiishie kwenye ndoo ya taka

Wengi wetu hapa mjini tunanunua chakula kinyumenyume. Unga ambao unakaa tunaununua kilo kilo dukani kwa Mangi tena kwa bei ya mtaani, alafu nyanya ambazo hata Ijumaa hazifiki tunabeba sado nzima kisa soko la Sabasaba leo wameshusha bei. Mwisho wa mwezi unajiuliza hela ya kula imeenda wapi. Imeenda mara mbili, kwanza kwa mwenye duka, pili jalalani. Kwa hiyo mimi nashauri ugeuze: kinachokaa nunua kwa wingi wakati wa mavuno, kinachooza nunua kidogo kidogo hata kama bei inakutamanisha.

Tuanze na mahindi maana ndo yanabeba hela nyingi. Huku kati mvua ni msimu mmoja, zinaanza Desemba zinakata Aprili hivi, kwa hiyo na mavuno ni mara moja. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane mzigo unakuwa mwingi na bei imelala, ukisubiri Januari au Februari ghala za watu zimeisha na wengi bado wanapalilia, hapo debe lilelile unalilipia vingine kabisa. Kama mna uwezo changeni majirani watatu wanne muende Kibaigwa kule Kongwa kwenye soko la mazao, mgawane nauli ya gari. Na mlipe kwa kilo, sio kwa gunia, maana magunia hayafanani, mzani ndo unasema ukweli.

Ila kabla ya kununua jua mnakula kiasi gani. Nyumba ya watu watano wanaosonga ugali mara moja kwa siku inaondoka na kama kilo moja na kidogo ya unga, yani kilo 100 za dona zinawasogeza karibu miezi mitatu. Zidisha mpaka mavuno yajayo upate idadi yako. Usichukue magunia kumi kwa sababu jirani kachukua kumi, yeye labda anafuga kuku.

Sasa hapa ndo watu wanaliwa, wanaingiza ndani mahindi mabichi. Muuzaji atakwambia yamekauka mama, na atayatafuna mbele yako yalie kaa. Wewe fanya hivi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, jaza mahindi robo chupa, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu ya mezani, funga kifuniko, tikisa kwa nguvu kama dakika moja alafu iache itulie robo saa. Chumvi ikishuka yote chini na kioo kikabaki safi uko pazuri, ikiganda ganda kwenye kioo ujue unyevu bado umepita asilimia 15. Kwa kuhifadhi muda mrefu inatakiwa iwe 13 au chini yake, kwa hiyo hata yakifaulu mtihani wa chupa yaongezee siku mbili za jua juu ya turubai, jua la Dodoma halina bili.

Usilichukulie poa hili la unyevu. Mwaka 2016 hapa Dodoma na kwa jirani zetu wa Manyara watu walipoteza maisha kwa sababu ya sumukuvu kwenye mahindi. Ile sumu inatokana na ukungu na haiishi kwa kupika, hata uchemshe ugali mpaka asubuhi. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizosinyaa chambua utoe, karanga nazo hivohivo, karanga chungu ukiitafuna usiimeze kwa aibu, tema. Na usiseme basi nitampa kuku au ng'ombe, inamdhuru na yeye, na kwa ng'ombe sumu inakurudia kwenye maziwa.

Yakishakauka adui anayebaki ni dumuzi, yule wanayemwita Scania, na panya. Dawa za unga zipo maduka ya pembejeo, ila kwa chakula cha nyumbani mi napenda mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu, nailoni mbili ndani na kiroba nje. Hewa ya ndani inaisha, wadudu wanakosa pumzi wanakufa, dawa huweki. Ufungaji ndo kazi: kamua hewa yote kwenye nailoni ya kwanza, sokota shingo, ikunje, kaza kamba, ndo uje ya pili nayo hivohivo, ndo kiroba. Ukifunga ya kwanza kizembe umenunua kiroba cha bei ghali tu. Panga juu ya mbao, acha nafasi kidogo na ukuta. Alafu usiwe mtu wa kufungua kila siku kuchota, kila ukifungua unawapa wadudu hewa. Fungua mfuko mmoja mara moja, saga kiasi, yaliyobaki weka kwenye ndoo yenye mfuniko ya kutumia kwanza. Mwakani kabla hujautumia tena ujaze upepo uone kama una tundu.

Kusaga nako kuna hesabu yake. Dona ina kiini cha mahindi ndani, kina mafuta, ndo maana ikikaa inachacha, kwa hiyo saga debe debe, usisage gunia lote kisa umepata lifti ya mashine. Sembe inakaa zaidi ila ukikoboa sehemu nzuri ya mahindi yako inabaki kwenye pumba, kama huna mifugo umelipia pumba za mtu mwingine.

Maharage chukua ya kuwatosha msimu mmoja usizidishe, yakizeeka yanakuwa magumu kuiva na utaimaliza faida yote kwenye gesi au mkaa. Loweka usiku, chemsha mengi mara moja, gawa kwenye madeli ya mlo mmoja mmoja ugandishe. Mafuta ya alizeti nunua wakati wa mavuno pia, lakini yale madumu meupe yaliyopangwa barabarani juani kutwa nzima mi hata bure siyataki, mwanga na joto ndo vinayaharibu, na kwako nayo yaweke kabatini gizani.

Upande wa vinavyooza. Nyanya nunua fungu mbili, moja iliyoiva ya leo na kesho, nyingine yenye ukijani ya baadae, na usizioshe mpaka siku ya kupika. Iliyopasuka itoe pembeni hapohapo ukifika. Kama umeletewa nyingi kutoka Gairo huko usihangaike kuzihifadhi mbichi, saga zote, zikaange na mafuta na kitunguu mpaka maji yakauke na mafuta yaelee, gawa kwenye vikopo ugandishe, siku za haraka unachota unaunga mboga. Vitunguu na viazi usiviweke kapu moja, vinaharibiana, viazi vinataka giza na vitunguu vinataka upepo.

Kwa asiye na friji, au anayo ila LUKU inamtesa, kuna njia ya vyungu viwili. Chungu kikubwa, ndani yake kidogo, katikati mchanga, unamwagia maji ule mchanga asubuhi na jioni, juu unafunika na kitambaa kibichi, unaweka kivulini upepo unapopita. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Kule Dar hewa ina unyevu mwingi haileti maana sana, ila huku kwetu kwenye hewa kavu hasa Septemba, Oktoba mpaka Novemba ile, karoti, hoho na nyanya zinakaa siku kadhaa zikiwa ngumu vizuri. Nyama na maziwa hapana, sio baridi ya kutosha.

Alafu kuna kitu wenyeji wa huku wanakijua tangu zamani na sisi wa kuhamia tunakidharau: kukausha. Ugogo iliwahi kupigwa na njaa ya Mtunya, miaka ya 1917 hadi 1920, na ukikaa na bibi wa Kigogo atakuonesha mboga ya kiangazi inavyotengenezwa masika. Majani ya kunde yanachemshwa kidogo, yanatandazwa kwenye ungo au mkeka, mlenda unakaushwa unatwangwa unakuwa unga. Kaushia kivulini penye upepo, jua kali linaunguza vitamini A na rangi inapotea. Yakivunjika mkononi kama chipsi yamefika, weka kwenye chombo kikavu ufunge. Mwezi wa kumi mchicha ukiwa bei juu, wewe unachota mlenda wako unaweka na karanga zilizotwangwa ugali unashuka wenyewe.

Friji sasa. Shida yake kubwa ni kuficha, kitu kikiingia nyuma ndo kwaheri. Tenga deli moja mbele, usawa wa macho, liwe la vya kuliwa kwanza: nusu kitunguu, hoho iliyokatwa, maharage ya jana. Anayepika anaanza hapo kabla hajagusa kitu kingine, na watoto waambiwe. Kwa wiki moja andika kwenye karatasi mlangoni kila mnachomwaga, utaona ni vitu vilevile vinajirudia, kwa nyumba nyingi ni mkate na wali. Basi pika wali pungufu, ndo dawa, sio kununua madeli mengine.

Kiporo kina heshima yake na chai ya asubuhi lakini usikilaze kwenye sufuria jikoni. Wali hasa, kuna bakteria mbegu zake haziuliwi na moto wa kupikia, ukikaa nje na joto zinaamka zinatoa sumu ambayo hata ukipasha haiondoki. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie frijini ndani ya masaa mawili, kesho unapashwa mara moja tu mpaka utoe mvuke. Umeme ukikatika usifungue fungue kuchungulia, friji ikifungwa inashika ubaridi kama masaa manne, friza iliyojaa hata siku mbili. Umeme ukirudi, nyama yenye barafu bado katikati igandishe au ipike yote siku hiyohiyo, iliyolainika na kupata joto achana nayo hata kama hainuki.