Jinsi ya kumtambua simba aliyechomwa na nungunungu

Simba akijitenga wenzake wakiwa kwenye mzoga, usiharakishe kusema ameshiba. Nikiwa na wageni Serengeti, nazima gari mbali, nashika darubini. Anza na kidevu na midomo: miiba ya nungunungu ina mabaka meusi na meupe, mingine hufika sentimita 30. Kisha tazama miguu ya mbele, kama anachechemea. Nungunungu harushi miiba, ingawa wengi husimulia hivyo. Hurudi kinyumenyume kwa nguvu, ikabaki mwilini mwa adui. Jeraha likitunga usaha, kula ni taabu, kuwinda ndiyo kabisa. Niliwahi kumwona jike kijana akisugua shavu kwenye nyasi, mate yanamchuruzika. Inauma kutazama. Usimsogelee, wajulishe askari wa hifadhi mahali alipo.