Kumzoesha mtoto kufunga Ramadhani

Saumu haimlazimu mtoto mpaka abaleghe. Kabla ya hapo ni mazoezi tu. Anza akiwa na miaka 7 hivi, umri uleule anaoanza kuamrishwa kuswali. Wiki ya kwanza afunge siku mbili tu, mpaka adhuhuri, tena Jumamosi na Jumapili asipokwenda shule. Akizoea, sogeza hadi alasiri. Siku nzima isubiri, hata kama mtoto wa jirani anajigamba kwamba kamaliza mwezi.

Kazi kubwa iko kwenye daku. Mwamshe karibu na alfajiri. Akila saa sita usiku, saa nne asubuhi ameshalegea. Mpe maharage, yai au viazi vitamu, na maji glasi mbili. Samaki wa chumvi na achari viache, vinaleta kiu.

Akishikwa na kizunguzungu, midomo ikikauka au akikaa muda mrefu bila kukojoa, mfuturishe papo hapo. Mwenye kisukari au selimundu asifunge bila ushauri wa daktari.

Ukimkuta anakula kwa siri, usimzomee. Mtoto anayeogopa fimbo hujifunza kuficha tu. Magharibi mkalishe na wakubwa, tende aanze yeye.