Unataka lifti ya gari kwenye gereji ya nyumbani? Anza na tepu
Kabla hujalipia lifti, yani ile mashine ya kuinua gari ufanye kazi chini yake, pima dari, na usipime kwa macho. Hesabu yenyewe ni urefu wa kwenda juu wa gari lako refu kuliko yote ujumlishe na kimo unachotaka liinuke ili usimame chini bila kuinama, yani gari la mita 1.5 likipanda mita 1.8 tayari uko 3.3, na hapo bado boneti haijafunguliwa, taa hazijawekwa, na ule mlango wa gereji unaopanda juu ukifunguliwa unakaa wapi? Huo mlango watu wanausahau kweli. Dari fupi? Chukua lifti ya mkasi, ile ya vyuma vinavyopishana kama mkasi, inayoinua gari nusu ya kimo tu, kwa breki na matairi inatosha sana.

Sakafu ndo ishu kubwa. Lifti ya nguzo mbili inashikiliwa na bolti kwenye zege, zikichomoka gari linakuja na wewe uko chini yake. Lifti nyingi zinataka zege la angalau sentimita 10, mimi ningemwaga 15 na nondo ndani alafu niache siku 28 likomae ndo nitoboe. Bolti zisikae karibu na ufa wala jointi, pale vipande viwili vya zege vinapokutana. Zege la zamani hujui unene wake, toboa katundu upime. Ya nguzo nne inagawa uzito vizuri ila inakula nafasi.

Pembeni acha upenyo wa kufungua milango ya gari na kupita na toroli la vifaa. Umeme vuta laini yake peke yake, afunge fundi umeme.