Riwaya ya mtoto aliyebadilishwa: namna ya kuinusuru kabla haijachapwa

Riwaya nyingi za vijana kuhusu mtoto aliyebadilishwa na vichimbakazi, viumbe wa ngano wanaomwiba mtoto wa watu na kumwacha wa kwao mahali pake, huanza vizuri, zikafifia katikati. Sababu kubwa ni moja. Mwandishi anashughulika na kijana aliyeachwa nyumbani, anayegundua ana nguvu na kupendwa na jini mwenye sura nzuri, huku mtoto wa damu aliyechukuliwa hatajwi tena. Hadithi hii ina watoto wawili, na maumivu yake yote yamo kwa yule asiyeonekana.

Basi kabla ya kusahihisha sentensi, pitia mswada kwa kalamu mbili: nyekundu kila anapotajwa aliyechukuliwa, buluu kila anapotokea aliyeachwa. Zikipita sura tatu bila wekundu, hapo ndipo kitabu kinapolala. Usiongeze sura ya kumwelezea aliyechukuliwa. Mpe jambo analolitaka. Tuseme hadithi iko Konde, Pemba, naye yuko ndani ya msitu wa Ngezi. Anataka kurudi kwao, au hataki hata kusikia? Lolote utakalochagua, ligongane na anachotaka mwenzake.

Masharti ya uchawi yawe machache na yawe na gharama. Mfano: mlango uko kwenye mikoko, hufunguka bahari ikitoka sana wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kutoka kuliko kawaida, na kila anayepita husahau jina la mtu mmoja wa nyumbani. Ukishaweka sharti, lifuate. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku ya 8 na ya 22 ya mwezi mwandamo ni maji mafu, bahari haitoki sana, hakuna kupita. Tena kwenye bamvua ya kwetu maji huwa yametoka kabisa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Ukiwavusha saa sita za usiku, mvuvi yeyote wa Tumbe anajua maji yameshaanza kujaa. Juu ya kila sura andika ni siku ya ngapi ya mwezi mwandamo na saa ngapi, ufute mwishoni.

Siri ifichuke kwa tendo. Katika ngano za Ayalandi, mama huchemsha maji ndani ya maganda ya mayai. Kiumbe aliyebadilishwa hushangaa, akaropoka umri wake. Usilihamishe ganda la yai kama lilivyo, tafuta upuuzi wa hapahapa. Bibi anatandika jamvi uani usiku, anaanika karafuu mbichi. Binti wa miaka 16 anacheka: “Bibi, mie nimeuona mkarafuu wa kwanza ukitiwa kisiwani, wala sijapata kuona mtu anaanika karafuu kwa mbalamwezi!” Karafuu zililetwa mwanzoni mwa karne ya 19, kwa hiyo msomaji anapiga hesabu mwenyewe na mwili unamsisimka. Bibi asiseme neno. Aendelee kutandaza karafuu. Waandishi wengi huharibu hapa kwa kumfanya aeleze.

Mapenzi yasianze kabla ya theluthi ya kitabu, na mpenzi awe na la kupoteza mlango ukifungwa. Maneno 60,000 yanatosha.

Mwisho, wape wanafunzi watatu wa kidato cha pili sura tano za mwanzo. Usiwaulize kama wamependa, maana watakuitikia kwa adabu. Waulize: yule mtoto mwengine yuko wapi sasa, na anataka nini? Wawili wakikosa jibu, rudi kwenye kalamu nyekundu.