SOMO: Kupima mahitaji ya msaada ya mgonjwa wa kifua kikuu

Wadau, kadi ya matibabu inatuonyesha uzito, majibu ya makohozi na siku ambazo mgonjwa amemeza dawa. Haisemi kama nyumbani kuna cha kula kabla ya kumeza. Dodoso la mahitaji ndilo linalouliza hayo.

Hatua ya 1: Chagua maeneo. Dodoso linalotumika sana, lenye vipengele 34, liliundwa kwa wagonjwa wa saratani. Linagusa hofu na mawazo, taarifa, mwili na kazi za kila siku, huduma ya wahudumu, na unyumba. Usilibebe zimazima. Pesa na unyanyapaa havina sehemu yake humo, navyo ndivyo vya kwanza kuongeza. Dawa ni bure, sawa, lakini nauli ya boti na siku za kazi zilizopotea si bure. Shirika la Afya Duniani huhesabu gharama kuwa janga zikizidi asilimia 20 ya kipato cha kaya kwa mwaka.

Hatua ya 2: Andika kwa Kiswahili cha mwaloni. "Mahitaji ya kisaikolojia" hayajibiki pale Kibirizi, mwalo wa Kigoma. Uliza: "Mwezi huu uliopita, ulitaka mtu wa kuzungumza naye kuhusu hofu ya kuambukiza watoto?" Kisha mwombe akuelezee swali alivyolielewa. Kwa wazee wanaozungumza Kiha, mkalimani asiwe jirani.

Hatua ya 3: Alama.
1 – halinihusu
2 – nilihitaji, nikapata
3 – bado nahitaji kidogo
4 – kiasi
5 – sana

Wahoji wengi huchanganya 1 na 2. Binti anayepikiwa na mama yake ni 2. Mama akisafiri, binti huyo anaweza kuwa 5 kesho yake. Ukimwandikia 1, hakuna atakayemfuatilia.

Hatua ya 4: Muda. Matibabu ya kawaida ni miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Pima mwanzoni, mwisho wa mwezi wa pili na mwezi wa tano. Mwanzoni mtu anaogopa hata rangi ya mkojo wake, ambayo dawa huibadilisha. Baadaye kikohozi kimekata, anawaza kurudi ziwani. Wavuvi wa dagaa watafute wakati wa mbalamwezi. Usiku wa giza wako kazini.

Hatua ya 5: Hesabu. Kwa kila swali, hesabu waliotaja 4 au 5. Wastani wa jumla utaficha njaa.

MASWALI

*Mdau, Uvinza: Mwalimu, wangu wote wanajibu 2, "tunashukuru daktari". Nifanyeje?*
Wewe ndiye unayewapa dawa, nani akulalamikie usoni? Ahoji mwenzako asiyekaa dirisha la dawa, nje penye hewa, mbali na foleni.

*Mdau, Kibondo: Kibali kinahitajika?*
Kwa kuboresha huduma kituoni, anza na mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Kwa utafiti, kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kabla ya kumhoji mtu wa kwanza.

*Mdau, Kasulu: Mgonjwa kasema nyayo zinawaka moto, hawezi kwenda shamba. Naandika wapi?*
Andika kwenye kazi za kila siku, halafu funga daftari umpeleke kwa tabibu leo hii. Isoniazidi, mojawapo ya dawa anazomeza, huweza kuumiza neva, na vitamini B6 ipo kwa ajili hiyo. Maswali yaliyobaki mtamalizia akirudi.